Nimetafuta Tudor, nimeletewa wafalme

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niko mwaka wa pili chuoni, hapa hapa Mombasa. Natakiwa kuandika karatasi ya utafiti kuhusu ukataji wa mikoko ya hori ya Tudor (Tudor Creek). Nimeingia Google Scholar, mtambo wa kutafutia makala za kitaaluma, nikaandika swali zima kama alivyolitoa mwalimu, nikamwagiwa habari za wafalme wa Uingereza. Nimebakiwa na wiki mbili na bando laenda mbio. Nifanyeje?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Umenichekesha! Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, huko Uingereza alikuwa akitawala Elizabeth wa Kwanza, wa mwisho katika ukoo huo wa Tudor. Ila mikoko yako hawakuikata wao.

Mtambo haujibu swali la mwalimu, unalinganisha maneno. Bakisha mawili tu: mti na mahali. Mahali pafunge kwa alama za kunukuu, "Tudor Creek", ili maneno yasiachane. Wafalme wakingali wanajipenyeza, ongeza -Henry ili jina hilo la kifalme liondolewe, kistari kigusane na neno. Mimi mwenyewe, miaka hiyo nikiwa maktabani, nilipoteza asubuhi nzima na "Old Town", nikazungushwa Warsaw na Edinburgh ndipo nikakumbuka kuongeza Mombasa.

Kwenye mti ndipo pana kazi. Makala nyingi ni za Kiingereza, na wataalamu hupenda majina ya kisayansi: mkoko ni Rhizophora mucronata, mchu ni Avicennia marina. Yaunganishe kwa OR (yaani "au") ya herufi kubwa:

"Tudor Creek" mangrove OR Rhizophora OR Avicennia

Kuhusu ukataji, huyu ataandika "harvesting", yule "degradation", mwingine "cutting". Usikae ukibuni. Ukipata makala moja iliyokukaa sawa, tazama chini ya ikisiri (abstract), ule muhtasari wa mwanzo: mara nyingi waandishi wameorodhesha maneno yao ya msingi. Yaibe yote, wala si dhambi! Kisha rudi kwenye matokeo, ubonyeze kiungo cha idadi ya walioinukuu makala hiyo. Utapata walioandika baada yake.

Na bando? Soma ikisiri kwanza, usipakue kila PDF. Ukidaiwa dola ili usome, usitoe hata senti. Nenda na jina la makala kwa mkutubi wa chuo. Huenda jarida lenyewe wameshalilipia.