Taa Nyekundu Isiyobadilika: Mwenye Pikipiki Afanyeje?

SWALI: Ninaishi Rockford, katika jimbo la Illinois, Marekani, na hutoka kazini usiku wa manane kwa pikipiki. Ipo njia panda moja ambapo taa hubaki nyekundu upande wangu hata nikisubiri mpaka nichoke, na hubadilika pale tu gari linapokuja kusimama nyuma yangu. Mwenzangu wa kazini anasema sheria inaniruhusu kupita. Je, ni kweli? Na mwanangu mwenye baiskeli naye anaruhusiwa?

JIBU: Mwenzako amesema kweli, ila hakumaliza. Tangu mwaka 2012 sheria ya Illinois inawapa waendesha pikipiki na baiskeli haki ya kuvuka wakati taa inapogoma kubadilika, ama kwa kuwa imeharibika, ama kwa kuwa imeshindwa kutambua kwamba kuna chombo kidogo kinachosubiri. Haki hiyo ina masharti. Kwanza usimame kabisa, kisha usubiri kwa muda wa kuridhisha usiopungua sekunde 120, halafu uwapishe wote wenye taa ya kijani na uvuke kwa tahadhari ileile unayopaswa kuwa nayo penye alama ya kusimama. Ruhusa hii haitumiki katika miji yenye wakazi 2,000,000 au zaidi, na katika jimbo lenu mji wa namna hiyo ni Chicago peke yake. Rockford, basi, wewe na mwanao mnaruhusiwa. Siku mkienda Chicago, haki hiyo mnaiacha nje ya mji.

Kabla ya kuanza kuhesabu sekunde, hata hivyo, ningependa ujue kwa nini taa haikuoni, maana mara nyingi tatizo hili huisha bila kuigusa sheria. Watu wengi hudhani kwamba chini ya lami kuna mzani unaopima uzito. Katika njia panda nyingi kilichofukiwa ni waya uliozungushwa na kupitishiwa umeme, na chuma au aluminiamu ikija juu yake hali ya umeme hubadilika, na mtambo wa taa hupata habari kwamba kuna anayesubiri. Gari lina bati pana, hivyo hutambuliwa popote liliposimama. Pikipiki na baiskeli zina chuma kidogo, na zikisimama katikati ya mzunguko wa waya huweza kupita bila kutambuliwa. Tazama lami kabla ya mstari wa kusimamia: mara nyingi utaona michoro myembamba ya mstatili au duara iliyozibwa kwa lami nyeusi zaidi. Weka magurudumu yako juu ya mchoro wenyewe, siyo ndani yake. Penye alama ya baiskeli iliyochorwa kwa rangi, mwanao asimamishe gurudumu hapo hapo. Na kama hakuna, ashuke, abonyeze kitufe cha waenda kwa miguu na kuvuka akiisukuma baiskeli yake.

Usichukulie pia kwamba kilicho halali kwenu ni halali majimbo mengine. Wisconsin inatosheka na sekunde 45, wakati Minnesota haitaji idadi ya sekunde na wala haitoi ruhusa: inakupa utetezi tu wa kuutoa mahakamani baada ya kuandikiwa kosa, na utetezi huo haukufai kitu ukidaiwa fidia ya ajali. Idaho, kwa upande wake, imewalegezea waendesha baiskeli tangu mwaka 1982, na mwenye pikipiki ambaye taa imeshindwa kumtambua huruhusiwa kuvuka baada ya kusimama na kusubiri mzunguko mmoja wa taa. Hata huko Illinois, ukivuka na kugongana na mwenye kijani, swali litakuwa kama ulimpisha, na sioni utalijibu vipi ukiwa tayari umegongana naye.

SWALI: Mimi ni dereva wa bodaboda Dar es Salaam. Njia panda ikiwa tupu, abiria hunihimiza nipite taa nyekundu. Na trafiki akinipungia mkono huku taa ni nyekundu, nimfuate nani?

JIBU: Mfuate trafiki, ndugu yangu, kwa kuwa ishara ya askari aliyevaa sare na anayeongoza magari ina nguvu kuliko taa; akikuzuia wakati wa kijani, vilevile usimame. Bila askari, taa nyekundu inakufunga wewe kama inavyolifunga lori. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haina msamaha kwa chombo kidogo wala kwa njia panda tupu, na abiria anayekuhimiza siye atakayeulizwa leseni. Nakuomba pia uache desturi ya kusogea mbele ya magari mpaka kusimama juu ya kivuko, kwani wakati wewe umezuiwa na nyekundu ndipo mama mwenye mtoto mgongoni anapopata nafasi ya kuvuka, na akikukuta pale analazimika kushuka katikati ya barabara ili akuzunguke.