Ulizeni kwanza ghala

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza: mshindi ampokonye mpinzani silaha kwanza, au azungumze naye kwanza? Nasema ampokonye, tena mapema. Ila hapa petu Zanzibar, katika mapinduzi ya mwaka 1964, waliopokonywa baadaye walikuwa wa upande ulioshinda.

Serikali ya vyama vya ZNP na ZPPP, iliyopokea uhuru Disemba 10, 1963, iliwaondoa kazini mapolisi wenye asili ya bara, na mwanzoni mwa Januari ikakipiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Babu. Ilichukua sare tu. Ghala la silaha la polisi pale Ziwani lilivyo, na mlinzi anasimama wapi, waliofukuzwa waliyajua. Januari 12 ghala likatekwa, na waliokuja na mapanga wakashika bunduki.

Hapo ndipo penye somo. Bunduki hizo hazikutolewa kwa daftari, basi nani angezihesabu zikirudi? Walioshika walimsikiliza John Okello, aliyeongoza uvamizi, pale kituo cha redio cha Raha Leo, si Mzee Karume aliyekuwa Rais mpya. Ukianza kwa kumkamata kiongozi, watu wake wanampigania kwa silaha walizonazo. Ukianza na watu wake huna askari wa kutosha, wanakucheka. Kwanza wakaja mapolisi kama 300 kutoka Tanganyika, wakatuliza mji. Ndipo watu wa Okello wakaanza kupokonywa kidogo kidogo. Okello mwenyewe akaenda bara, na Machi aliporudi akazuiwa kuingia. Alikuta hana jeshi la kumpokea. Hesabu kamili ya bunduki, hata hivyo, daftari lisilokuwepo halitoi.

Sasa siasa. Maridhiano ya 2009 na kura ya maoni ya Julai 31, 2010 yalimpa mpinzani kiti cha Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Wengine husema kile ndicho kisu kilichomkata makali. Nami niliegemea huko nilipoanza barua hii. Lakini tazameni kiti chenyewe: vikosi vya Zanzibar vya JKU, KMKM na Valantia viko chini ya Rais, jeshi na polisi ni mambo ya Muungano. Hana ghala aliloachiwa, silaha yake ni kura. Na uchaguzi wa 2015 ulipofutwa, wa marudio Machi 2016 chama cha upinzani cha CUF wakaususia, kiti kikabaki kitupu miaka minne na zaidi.

Kwa hiyo jibu langu limegeuka nusu: bunduki zipokonywe kwanza, na za walioshinda zitangulie. Kura isiguswe, isipokuwa kwa amri ya mahakama, na hata hapo nina wasiwasi.