Kwa mwanangu mwalimu: kwa nini watu wa Kusadikika hawaanguki

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Hapa Tanga hatujambo, baba yako goti limepungua maumivu, na vuli imeanza kunyesha. Barua yako imenifika. Unasema ulikuwa ukiwasomea watoto Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, ukafika pale mwandishi anapoeleza kwamba nchi hiyo iko angani, binti mmoja akanyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, kama wako angani, mbona hawaanguki?" Darasa likacheka. Ukamjibu kuwa Kusadikika ni fumbo la Tanganyika ya wakoloni, aandike hivyo daftarini, mkaendelea na somo. Usiku swali likakurudia, ukaniandikia mimi: je, ulimjibu sawasawa? Na mbona mama yako, kwa umri huu, bado anang'ang'ania hadithi za nchi zisizokuwepo, za majini na za katuni?

Nianze na la binti. Ulichomwambia ni kweli, baba, ila hukujibu alichouliza.

Ukoloni umo humo, sipingi. Kitabu kilitoka 1951, Mwingereza akitawala, na Shaaban Robert mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Karama, mhusika mkuu wa kitabu, anasimamishwa mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka kufundisha watu sheria, na anayemshtaki ni waziri aitwaye Majivuno. Asiyemwona mtawala na mtawaliwa hapo atakuwa amefumba macho. Lakini kabla Kusadikika haijawa Tanganyika, ni Kusadikika. Ina anga yake, ina watu wake, na ina jambo la kutisha ambalo binti yako ameliona kabla ya wenzake wote: chini yake hakuna kitu.

Angalia mipaka aliyoipa. Kaskazini imepakana na upepo wa kaskazi, kusini na upepo wa kusi, mashariki na upepo wa matlai, magharibi na upepo wa umande. Wanafunzi wako wa huko Dodoma wanaweza kuyapita majina hayo wakadhani ni mapambo ya lugha. Sisi tuliozaliwa pwani hatuwezi. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, na ndio uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ukishika zamu ndio uliokuwa ukiyarudisha makwao. Umande hushuka kutoka bara alfajiri, na babu yako alikuwa akiungoja atweke tanga atoke na ngalawa yake. Sasa fikiri nchi iliyozungushiwa mipaka ya namna hiyo. Haina kigingi wala askari wa kuilinda, haitulii mahali pamoja, na kila mpaka ni njia ya kwenda kwa wengine. Mwandishi alizaliwa 1909 huko Vibambani, jirani zetu kabisa, na tangu 1926 hadi 1944 alikuwa mtu wa forodha. Karani wa forodha wa zama zile alijua kwamba upepo ukigeuka, biashara yote ya pwani inageuka nao. Alipoitundika nchi nzima katikati ya pepo nne, alichukua kitu alichokijua vizuri kuliko sisi wasomaji wake.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa mbona hawaanguki, najibu kuwa wameshikiliwa na pepo pande zote nne. Hilo halimo kitabuni. Ndivyo ninavyoiona mimi nchi hiyo tangu nilipokuwa msichana, na mpaka leo nikifungua ukurasa ule natamani kushika meza.

Na kwa kuwa naiamini nchi yenyewe, safari za wajumbe sita wanaotumwa na nchi hiyo zinanitetemesha. Wanne wanatumwa pande nne za dunia, mmoja mbinguni, mmoja ardhini. Huyo anayeshuka ardhini, mwanangu! Mtu aliyezaliwa angani, hajawahi kukanyaga udongo, anatumwa aende chini akachunguze wanavyoishi wa huko. Anateseka, anafika, anajifunza, anarudi kwao na mambo ya kuwafaa watu wake. Malipo yake ni kifungo. Wenzake vilevile, mmoja baada ya mwingine. Mwanafunzi aliyekwisha kuambiwa kwamba hili ni fumbo la ukoloni anajua mapema kuwa watafungwa, kwa hiyo hashtuki wala haumii, anasubiri tu kuandika dhamira. Mwanafunzi aliyesafiri nao hewani ataumia. Huyo aliyeumia ndiye atakayeuelewa ukoloni, maana atauliza kwa hasira: kwa nini wanamfunga mtu aliyewaletea heri? Ndiyo maana nasema usiwahi kufumbua. Acha kwanza hadithi iwe kweli.

Mfano mwingine ni Adili na Nduguze, kitabu kingine cha Shaaban Robert, kilichotoka 1952. Darasani tunaambiwa ni hadithi ya wivu na msamaha, na majina yenyewe ya ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, hayafichi kitu. Lakini muulize mtu yeyote aliyekisoma utotoni anakumbuka nini. Atakwambia manyani. Adili anawaweka nyumbani manyani wawili walio ndugu zake wa damu, anawalisha, anawabembeleza, na kila usiku lazima awachape mijeledi kwa amri ya jini, ingawa moyo wake hautaki. Nilikisoma nikalia, nikakificha chini ya mto ili bibi yako asiniulize ninalilia nini. Sikuwa nalia kwa ajili ya "wivu". Nililia kwa ajili ya nyani anayechapwa na ndugu yake, na ndugu anayechapa huku akiumia. Hakuna hadithi ya mtaani, ya watu wa kawaida wenye majina ya kawaida, ingeweza kuniweka mahali pale. Ilibidi jini awepo na binadamu ageuke nyani.

Ndilo jibu la swali lako la pili pia. Unaniuliza napata nini katika mambo yasiyokuwepo. Napata hisia ambazo maisha yangu ya kawaida hayana mlango wa kuzifikia. Sijawahi kuingia katika mji ambao watu wake wote wamegeuka mawe, lakini Adili aliingia nami nikiwa nyuma yake, na hofu ile naijua. Siku tulipomzika shangazi yako, nyumba ilipokuwa kimya na kila mtu amekaa hana neno, niliikumbuka hofu hiyo nikaitambua. Nilikuwa nimeshakutana nayo.

Katuni unazicheka bure. Enzi zetu gazeti la Sani lilipita mkono kwa mkono mpaka kurasa zikachanika, na akina Lodilofa na Ndumilakuwili, waliotoka katika kalamu ya Philip Ndunguru, tuliwajua kama majirani. Ndunguru alifariki 1986, na mimi bado nikiona mtu fulani stendi ya basi nasema moyoni, Lodilofa huyo. Hakuna mwalimu aliyetuuliza Lodilofa anawakilisha nini, na labda ndiyo sababu tulimpenda hivyo. Halafu tazama katuni inavyokufanyisha kazi. Katika kisanduku cha kwanza mtu ameinua mkono, katika cha pili mwenzake yuko chini. Kipigo chenyewe hakikuchorwa. Umekipiga wewe, kichwani mwako, na ukasikia kishindo chake. Mtoto aliyezoea kusoma namna hiyo ameshajifunza kuamini kitu ambacho hakipo kwenye karatasi, na ndicho tunachomdai anaposoma riwaya.

Sipendi kila kitu cha aina hii, usije ukadhani. Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi ya 1995, inaanza vizuri mno: mtu aliyehukumiwa kufa anafungiwa ndani ya chombo cha angani, na badala ya kifo anajikuta kwenye sayari nyingine. Nilisoma mwanzo ule bila kunyanyua kichwa. Baada ya kufika, kwa maoni yangu, sayari inaelezwa zaidi kuliko inavyoonekana. Jamii njema imepangwa vizuri, ila natafuta vumbi lake na harufu za majiko yake. Namheshimu sana Mkangi. Aliwahi kuwekwa kizuizini na serikali ya Kenya katika miaka ya 1980, na mtu aliyefungwa kwa mawazo yake ana haki ya kuyasema yote anapopata nafasi. Lakini msomaji ndani yangu alitaka kukaa kwenye kile chombo kidogo zaidi, gizani, bila kujua kinakwenda wapi.

Kinyume chake ni Pumzi, ile filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya 2009. Maji yamekwisha duniani, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, na Asha anakunywa maji yaliyochujwa kutoka mwilini mwake mwenyewe. Filamu haikai chini kukueleza uharibifu wa mazingira. Mimi nilisikia kiu. Niliinuka nikaenda kwenye mtungi, na nilipokuwa nakunywa nililitazama lile jagi kwa namna ambayo sikuwahi kulitazama.

Basi rudi darasani, baba. Mwite yule binti aulize swali lake tena, mbele ya wale waliocheka, na umwambie ni swali kubwa. Usimpe jibu langu la pepo mpaka wao wamejibu. Wape karatasi wachore ramani ya Kusadikika: mipaka minne, mahali anaposimamishwa Karama, njia aliyopita mjumbe wa kwenda ardhini na pale alipokanyaga hatua ya kwanza akitoka nchini kwake. Watabishana. Mmoja atasema kuna kamba, mwingine atasema mawingu ni magumu, mwingine mahaba ya watu wa nchi ndiyo yanayoishikilia. Waache. Saa hiyo ikiisha ndipo ufungue mlango wa Tanganyika na 1951, na utaona watakavyokuuliza wenyewe kwa nini mwandishi aliipeleka nchi yake juu sana vile. Mtihani watafaulu, usiwe na wasiwasi.

Akitokea aliyechora mpaka wa pepo kwa mistari inayosogea, usimsahihishe. Nipigie picha ramani zote unitumie kwenye simu ya baba yako, yangu kioo kimepasuka. Na yule binti mwambie mama wa mwalimu anamsalimu, na anataka kujua yeye mwenyewe anadhani hawaanguki kwa nini.

Msalimie mkwe wangu, na mjukuu wangu mbusu.

Mama yako