Moyo umetulia, kidonge sijakiacha

Siku niliposhtuliwa moyo kwa umeme sikusikia chochote. Nililazwa usingizi mfupi, na nilipofumbua macho, mapigo yaliyokuwa yakirukaruka miezi minane yalikuwa yamejipanga. Nikarudi Tanga nikijihesabu mzima. Daktari alikuwa amenipa wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande ovyo, na kuniambia, "Mama, hii usiiache mpaka nikuambie mimi." Niliitikia. Siku ya kumi nikaiacha.

Mdogo wangu wa Pangani alikuja kunijulia hali, akaiona paketi mezani. "Dada, si umeshapona? Dawa za nini tena, na wanasema hiyo ndiyo ya panya?" Kuhusu panya hakukosea: wafarini iliingia sokoni kama sumu ya panya mwaka 1948, kabla ya kupewa wagonjwa miaka ya 1950. Nami nilishachoka kwenda kutobolewa kidole kupimwa damu kwa ajili ya dawa hiyo. Nikayapokea maneno yake kama fatuwa.

Wiki ya tatu, nikikanda unga wa maandazi, mkono wa kulia ukafa ganzi. Nikataka kumwita mwanangu, ulimi ukawa mzito. Baada ya dakika kama ishirini kila kitu kikarudi, nami nikataka kuendelea na unga wangu! Mwanangu akakataa, akanipakia kwenye bajaji hadi hospitali. Kumbe kilikuwa kiharusi cha kupita, kile kinachobisha hodi kabla ya chenyewe kuingia.

Huko ndiko nilikoeleweshwa nilichopaswa kuuliza mapema. Chumba cha juu cha moyo, upande wa kushoto, kina kifuko kidogo. Moyo ukitetemeka badala ya kusukuma, damu hutuama humo na kuganda, na bonge likichomoka hupanda hadi kwenye ubongo. Umeme hurudisha mapigo, lakini misuli ya chumba kile hubaki imezubaa kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana karibu kila aliyeshtuliwa hutumia dawa angalau wiki nne baadaye, na waliotibiwa kwa kuunguzwa njia za umeme ndani ya moyo hutumia miezi miwili au zaidi. Baada ya hapo huangaliwa wewe ni nani. Mimi nina miaka 67 na presha. Kwa mtu kama mimi dawa huendelea hata mapigo yakiwa sawa, kwa kuwa yanaweza kuvurugika tena usiku umelala, usijue.

Watu huiita dawa ya kuyeyusha damu. Haiyeyushi kitu, inachelewesha kuganda tu. Kipimo chake ni INR, namba inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, na yangu inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Ikishuka bonge linanyemelea, ikipanda nitavuja damu.

Mboga ndizo zilizonisumbua mwanzoni. Niliogopa mchicha na kisamvu nikaviacha kabisa, INR ikapaa. Mboga za majani hazikatazwi. Kula kiasi kilekile wiki hadi wiki, wakupangie dozi kwa chakula chako. Cha kuogopa zaidi ni duka la dawa la mtaani. Diklofenaki, aspirini na wenzao, iwe kidonge au sindano, sigusi. Kichwa kikiuma natumia parasetamoli, nayo kwa kiasi. Flagyl na Septrin hupandisha INR, kwa hiyo nikiandikiwa nasema kwanza ninachotumia. Chuku, kule kuumikwa damu kwa pembe, nimeacha pia, ingawa shoga yangu anayepiga alinuna.

Ramadhani haikunipa shida: wafarini ni mara moja kwa siku, nami nameza baada ya futari. Nikisahau nikakumbuka usiku uleule, nameza. Kukikucha nimesahau, naendelea na dozi ya siku hiyo, sirudufishi. Wanaotumia dawa mpya kama apiksabani hawahangaiki na INR, ila wakiruka dozi kinga hutoweka upesi, na waliowekewa valvu ya chuma hawapewi.

Choo kikiwa cheusi kama lami, au ukijigonga kichwa hata bila jeraha, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na jino likitaka kung'olewa, mwambie daktari wa meno. Usiache dawa kwa hiari yako.

Mjukuu wangu ndiye anayechora alama kwenye kalenda ya jikoni kila usiku nikishameza. Wiki iliyopita INR ilikuwa 2.4. Mdogo wangu alipopiga simu kuuliza kama bado natumia ile ya panya, nilimwambia ndiyo, na aje Jumapili, kuna maandazi.