Barua kwa mwanangu: Mungu hajakukasirikia

Bagamoyo

Mwanangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako na nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu sikutaka kukujibu kwa haraka jambo ambalo wewe umelibeba kwa miezi mingi. Umeniuliza kwa nini mtoto wako alifia tumboni ukiwa na mimba ya miezi saba, na kwa nini mkataba wa mumeo ukakatishwa kabla hamjamaliza hata kuomboleza, ilhali mmesali, mmefunga na hamjaacha Misa. Umeniuliza pia kama ni kweli, kama alivyokuambia yule mtumishi huko Morogoro, kwamba katika ukoo wetu kuna laana ambayo haitaondoka mpaka utoe sadaka ya ukombozi. Na mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo, umeuliza kumtumaini Mungu kuna maana gani ikiwa yale tunayomtumainia hayatokei. Hilo la mwisho ndilo kubwa, nami nitalifikia, lakini kwanza nataka nikuondolee hili la laana, maana mtu aliyefiwa hapaswi kulala na hofu ya namna hiyo.

Usimpe mtu huyo hata senti moja. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, aliwakuta watu wakisema kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi, na Mungu mwenyewe akawakataza wasilitumie tena neno hilo katika Israeli, akisema kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Wanafunzi wa Yesu nao, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Bwana akajibu kwamba si yeye wala si wazazi wake. Alipoelezwa habari za msiba mwingine, yeye mwenyewe alitaja wale watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, na jibu lake lilikuwa, sivyo. Anayekuambia leo kwamba mtoto wako alikufa kwa ajili ya dhambi ya babu yako anarudisha mafundisho ambayo Biblia imeyakataa waziwazi, tena anayarudisha kwa bei. Ninasema hivi nikiwa na uchungu, maana nimeona akina mama wengi wakiuza vitenge vyao, na hata mashine ya kushonea iliyokuwa ikiwalisha, ili wanunue kile ambacho Mungu hutoa bure.

Basi kama si adhabu, ni nini? Hapa, mwanangu, nitakuwa mwangalifu nisikuahidi maelezo ambayo Maandiko yenyewe hayajayatoa. Unakumbuka kwamba Ayubu aliuliza sababu ya mateso yake katika sura nyingi mno, na Mungu alipomjibu hakumweleza sababu hata moja. Rafiki zake ndio waliokuwa na maelezo. Walianza vizuri, wakaketi naye chini siku saba bila kusema neno, kwa kuwa waliona huzuni yake ni kubwa sana. Walipofungua vinywa vyao ndipo walipoharibu. Walimtetea Mungu kwa ufasaha, wakamwambia Ayubu atubu dhambi ambayo hakuitenda, na mwishowe Mungu akamwambia Elifazi kwamba ghadhabu yake inawaka juu yao kwa sababu hawakusema yaliyo sawa juu yake kama alivyosema Ayubu. Fikiri juu ya jambo hilo. Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa, akalalamika, akamtaka Mungu waingie hukumuni. Na bado ndiye aliyehesabiwa kuwa amesema yaliyo sawa. Ninaamini ni kwa sababu malalamiko yake yote, hata yale makali, aliyapeleka kwa Mungu mwenyewe na hakumwacha kwenda kutafuta faraja kwingine.

Kwa hiyo usione aibu kwamba umeshindwa kuimba kanisani. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Bwana, hata lini utanisahau, hata milele? Zaburi ya 88 inaisha gizani, bila mstari wa faraja mwishoni, na Kanisa limeiweka katika Sala ya Usiku ya kila Ijumaa, ili mapadre na watawa waisali hata wakati mioyo yao ina furaha, kwa niaba ya wale ambao hawana. Ukiweza kusema maneno hayo tu, umesali.

Sasa nije kwenye swali lako kubwa. Soma Matendo ya Mitume sura ya 12 polepole. Herode alimuua Yakobo, ndugu yake Yohane, kwa upanga, kisha akamkamata Petro. Kanisa likamwombea Petro kwa bidii, na malaika akaja usiku, minyororo ikamwanguka mikononi, lango la chuma likafunguka lenyewe. Ni Kanisa lilelile, katika mji uleule. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba Yakobo alipungukiwa na imani au kwamba hakuna aliyemwombea? Mimi kila ninapofika hapo humfikiria mama yake. Huyu ndiye aliyemwendea Yesu akiwaombea wanawe wawili waketi mmoja kuume na mwingine kushoto katika ufalme wake, na Mathayo anamtaja tena miongoni mwa wanawake waliotazama msalaba kwa mbali. Kama alikuwa angali hai, basi alisikia habari za mlango wa gereza uliofunguliwa kwa ajili ya mtoto wa mama mwingine, na wake akiwa kaburini. Luka, aliyeandika kitabu hicho cha Matendo, hakutueleza mama huyo alisema nini.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Paulo. Epafrodito, mwenzake katika kazi, aliugua karibu ya kufa na Mungu akamhurumia, akapona. Lakini kuhusu Trofimo, mwenzake mwingine, Paulo anamwandikia Timotheo bila kueleza sababu kwamba alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Naye Paulo mwenyewe alimsihi Bwana mara tatu auondoe mwiba uliokuwa mwilini mwake, na haukuondolewa. Aliambiwa kwamba neema yatosha. Kwa hiyo kutoponywa si dalili ya kukataliwa, kama vile kuponywa si tuzo ya wale waliofunga siku nyingi zaidi. Tukigeuza sala kuwa kama duka, ambapo ninaweka mfungo wangu mezani na kungoja nipewe bidhaa, basi siku bidhaa isipotoka tutadhani ama tumelipa pungufu ama mwenye duka ametudhulumu, na yote mawili yatatufukuza mbele za Mungu. Kumtumaini ni kukaa naye hata asipotoa. Wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli, mbele ya tanuru, walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza kwamba hata asipowaokoa hawataiabudu sanamu yake. Na walisema hivyo kabla hawajajua jinsi mambo yatakavyokwisha.

Umenikumbusha katika barua yako ule mstari wa Yeremia 29 uliobandika ukutani, unaosema kwamba Mungu anatuwazia mawazo ya amani wala si ya mabaya, ukasema siku hizi unauona kama dhihaka. Usiubandue, lakini soma pia mistari inayoutangulia. Ile ni barua iliyoandikwa kwa watu waliokwisha kuhamishwa kwa nguvu hadi Babeli, na mstari wa 10 unawaambia watakaa huko miaka 70, maana yake ni kwamba wengi wa watu wazima waliousikia wangefia ugenini. Manabii wa uongo ndio waliokuwa wakiwaahidi kwamba watarudi upesi. Yeremia aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza, na wauombee amani mji ule walikopelekwa mateka. Ahadi ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa ya haraka, na katikati ya ahadi na utimilifu wake kulikuwa na bustani za kulima.

Wewe umekulia hapa Bagamoyo na unayajua makaburi ya wamisionari pale misheni, kwa kuwa tulikuwa tukienda kusali huko kila Siku ya Marehemu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, wema wa kazi yao haukuwakinga na homa. Malaria iliwachukua wengi wakiwa bado vijana, na mwaka 1872 kimbunga kikaja kikaharibu majengo waliyoyajenga kwa taabu. Mwaka 2018, Kanisa lilipokuja hapa kuadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji wa Tanzania Bara, watu walijaa. Lakini waliolala makaburini hawakuona chochote cha hayo walipokuwa wakitetemeka kwa homa. Na wale watumwa je? Watoto waliokamatwa bara, wakatembezwa kwa miguu hadi pwani, na wengine wengi kufia njiani kabla biashara hiyo ya baharini haijapigwa marufuku Zanzibar mwaka 1873? Nimewahi kumsikia mtu akisema kwamba hayo yote Mungu aliyapanga ili Bagamoyo ipate kanisa. Mimi siwezi kusema hivyo, na ninakuomba wewe nawe usiseme hivyo juu ya mtoto wako. Paulo, katika Warumi 8:28, anasema Mungu hufanya kazi katika mambo yote kwa ajili ya mema ya wampendao. Hasemi kwamba kila jambo ni jema. Uovu unabaki kuwa uovu, na kifo Paulo anakiita adui. Yesu alijua kwamba dakika chache baadaye atamtoa Lazaro kaburini, na bado alilia.

Baba yako alipougua figo tuliomba apone, na hakupona. Wewe ulikuwa shule ya bweni, kwa hiyo mengi hukuyaona. Hukuona kwamba jirani zetu Waislamu ndio waliotutandikia majamvi uani na kuteka maji tangu alfajiri, wala hukuwaona akina mama wa jumuiya waliokaa nami zamu kwa zamu, wengine bila kusema lolote. Sikupata siku hiyo, wala sijapata hadi leo, maelezo ya kwa nini aliondoka mapema. Nilichopata ni nguvu ya kuamka kesho yake na kwenda kufundisha darasa langu, kisha ya kesho kutwa, na sikuwahi kupewa akiba ya mwezi mzima. Ninakuandikia hivi kwa sababu huenda nawe unangoja ujisikie una imani ndipo uinuke, nami naona kwamba nguvu ya siku huja katika siku yenyewe.

Kuhusu mtoto. Hukuuliza, lakini nimeona katika barua yako kwamba unaogopa kwa kuwa hakubatizwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 1261, inasema kwamba Kanisa linawakabidhi watoto wa namna hiyo kwa huruma ya Mungu, likikumbuka kwamba anataka watu wote waokolewe na kwamba Yesu alisema waacheni watoto wadogo waje kwangu. Mlitamani kumbatiza, na Mungu anaijua tamaa hiyo. Mwombeni padre wenu awaombee Misa kwa ajili yake na kwa ajili yenu, na kama mlikuwa mmemchagulia jina, endeleeni kulitumia.

Kisha nenda hospitali. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu mganga kwa kuwa Bwana ndiye aliyemuumba, na anamwambia mgonjwa asali na pia ampe mganga nafasi yake. Hakuona kwamba mambo hayo mawili yanapingana. Onana na daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake kabla ya kushika mimba nyingine, mweleze yote bila kuficha, na umwombe achunguze shinikizo la damu, kisukari, malaria na maambukizi, kwa sababu hayo ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumdhuru mtoto tumboni na mengi yake hudhibitiwa yakigunduliwa mapema. Fedha uliyotaka kumpelekea yule mtumishi itumie huko.

Mwambie mkwe wangu kwamba kukosa kazi hakujampunguzia heshima yoyote machoni pangu. Yeye pia amefiwa na mtoto, na nina wasiwasi kwamba watu wamekuwa wakimpa pole ya kazi tu. Muulize anavyojisikia, na mkubali kulia pamoja. Asitafute kazi akiwa amejifungia ndani. Awaeleze wanajumuiya waziwazi, maana watu hawawezi kusaidia shida wasiyoijua.

Kama mtaweza, njooni Bagamoyo mkae hata wiki mbili. Chumba chenu kiko tayari, chakula kipo, na hakuna atakayewataka mwimbe wala mtoe ushuhuda. Nitakuwa nikiwataja wote watatu kila jioni katika rozari. Niandikie mara tu utakapojua tarehe ya kuonana na daktari, ili kama unahitaji mtu wa kukusindikiza nipande basi nije.

Nakupenda sana.

Mama yako