Muuzaji ananiharakisha, nimlipe?

SWALI: Wakili, nimepata nyumba Lanet, Nakuru. Mwenyewe amenionyesha hatimiliki na anataka amana wiki hii, tuandikiane mbele ya mzee wa mtaa. Nimpe? – Mama Wawili

JIBU: Dada, usitoe hata shilingi kwanza. Fanya sachi rasmi kwenye sajili ya ardhi. Itakuonyesha mmiliki aliyeandikishwa, na kama kuna deni la benki au zuio juu ya ploti. Linganisha jina na kitambulisho chake, herufi kwa herufi.

Halafu uliza habari za mkewe. Wengi huona haya, lakini wewe uliza! Kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mwenzi. Idhini hiyo iwe kwa maandishi.

Mzee wa mtaa ni mtu wa heshima, ila mkataba usomwe na wakili wako wewe, si wa muuzaji. Amana, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, ishikwe na mawakili hadi uhamisho ukamilike. Tenga pia ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa mali ya mjini. Huo hulipwa na mnunuzi.

Akikataa sachi, mwachie nyumba yake.