Shamba ni la Amak

Mhariri, wiki iliyopita mlituuliza wasomaji: "Shamba la familia liandikwe kwa jina la nani: la baba, la mama, au la watoto wote?" Swali lenu limezua ubishi wa siku mbili hapa nyumbani, na mke wangu ameniambia niwaandikie ninyi nimwache yeye apumzike.

Mimi ni Mluguru wa Mgeta, Morogoro, hapa Tanzania. Ya kwetu nitayafikia, ila kwanza twendeni Sumatra Magharibi, Indonesia. Nilisoma kilimo mjini Padang kwa ufadhili wa serikali yao, na vyuo vya kule vina desturi ya kupeleka wanafunzi vijijini wakae na watu, wale nao, walime nao. Mimi na wenzangu tulipangiwa kijiji kimoja cha wilaya ya Tanah Datar, chini ya Marapi, mlima wa moto ambao ukikasirika huwamwagia watu majivu na ukitulia huwaachia udongo ambao mkulima wa Mgeta akiuona anameza mate. Wenyeji ni Waminangkabau, Waislamu walioshika dini sawasawa.

Chakula cha kwanza nilichopewa kilikuwa kisamvu cha nazi. Sisemi kitu kinachofanana na kisamvu, nasema kisamvu chenyewe, majani ya muhogo na tui zito, isipokuwa pilipili yake ilikuwa ya kutafuta ugomvi. Na wali wao unachambuka punje kwa punje, kama wali wa pwani yetu. Ule wa kugandamana wanaona haujaiva vizuri. Mwenyeji wangu alikuwa mama wa miaka sitini hivi. Nilimwita Amak, ndivyo wanavyomwita mama, na mumewe nikamwita Apak.

Siku ya tatu nilifuatana na Apak kwenye majaruba. Mpunga ulikuwa umefika magotini, maji yanashuka kutoka jaruba moja hadi jingine kama mtu anayeteremka ngazi. (Babu yangu alikuwa mmoja wa Waluguru waliokataa kuchimba matuta waliyolazimishwa na Mwingereza mwaka 1955. Nilitamani angekuwepo aone matuta ambayo watu wameyachimba bila kushikiwa fimbo.) Nikamuuliza, "Apak, shamba lako linaishia wapi?" Alicheka mpaka akaweka jembe chini. Jioni alinipeleka kwenye lapau, kibanda cha kahawa ambako wanaume hukaa kucheza dhumna na kujadili siasa ya dunia nzima, akawasimulia wenzake nilichouliza. Nao wakacheka.

Shamba ni la Amak. Amak amelipata kwa mama yake, naye kwa mama yake, na siku moja litakuwa la binti zake. Nyumba pia ni ya Amak. Apak alihamia pale siku ya ndoa, na ana miaka karibu arobaini anayalima majaruba yale kila kukicha, lakini hana hata kipande. Wana msemo kwamba mume katika nyumba ya mkewe ni majivu juu ya kisiki, upepo ukivuma kidogo tu hayapo. Lakini msimwonee huruma haraka. Mara kwa mara Apak huvaa kofia yake nzuri akavuka kwenda upande wa pili wa msikiti, kwa dada zake. Kule yeye ni mamak, yaani mjomba, na hakuna mpwa anayeolewa wala jaruba linalokodishwa kabla hajatia neno. Huku analima, kule anaamua. Na mambo ya majaruba anayolima huku yanaamuliwa na kaka yake Amak, mtu ambaye sikumwona hata siku moja akishika jembe pale.

Sisi Waluguru hatulishangai sana hilo, maana na kwetu ukoo unafuata mama na mjomba ni mtu wa kuogopwa. Kilichonishangaza ni jinsi walivyoufunga mlango wa kuuza.

Mali ya ukoo wanaiita pusako tinggi, urithi wa juu. Hiyo haiuzwi. Inaweza kuwekwa rehani, na hata hiyo rehani ina sababu nne tu ambazo mtoto wa shule anazijua kwa moyo: maiti imelala ndani na hakuna cha kuizikia, binti amekomaa na hakuna cha kumwozea, nyumba kubwa ya ukoo inavuja, au kiti cha mkuu wa ukoo, mwenye cheo cha Datuk, kimekaa wazi na fedha za kumsimika mwingine hazipo. Hii ya nne wanaiita kuinua gogo lililozama. Na hata sababu ikiwepo, ukoo mzima lazima ukubali. Nilimuuliza Amak, "Na karo ya shule?" Akanijibu kwamba karo hutoka kwenye jasho, haitoki kwenye makaburi. Kusema kweli, palepale kijijini walikuwepo waliokwishaweka rehani kwa ajili ya karo, na wengine kwa ajili ya pikipiki, na wazee walikuwa wakinung'unika.

Nyumba yake Amak iliwahi kuvuja. Ni ile nyumba ndefu ya mbao mnayoiona kwenye picha za Indonesia, paa limepinda ncha zake zikaelekea mbinguni kama pembe za nyati. Zamani ilikuwa imeezekwa kwa nyuzi nyeusi za mti wa jamii ya mnazi. Zilipooza ukoo ukaweka mabati, na kwa ajili hiyo jaruba moja likaenda rehani kwa jirani. Kule rehani hupimwa kwa dhahabu, na kipimo kimoja, wanachokiita emas, ni gramu 2.5. Wao walichukua emas 20, yaani gramu 50. Aliyetoa dhahabu analima jaruba na kula mavuno yake mpaka siku atakaporudishiwa dhahabu yake, gramu kwa gramu. Mtu anayejua shilingi yetu inavyoyeyuka ataona busara yake mara moja. Ubaya ni kwamba bei ya dhahabu imepanda kuliko mpunga, na nilipofika miaka kumi na tano ilikuwa imepita bila jaruba lile kurudi.

Hapo nikajitia ujuzi. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba sheria ya Indonesia ya mwaka 1960 inasema shamba lililokaa rehani miaka 7 linarudi kwa mwenyewe baada ya mavuno, bila malipo yoyote. Nikalisema hilo mbele ya watu kwenye lapau, nikidhani nawasaidia. Hakuna aliyecheka safari hii. Apak akanywa kahawa yake, akasema, "Hiyo ni sheria ya Jakarta. Chini ya mabati tunalala sisi." Sikurudia tena, na baadaye nikagundua kwamba jirani mwenye kulishika jaruba alikuwa amekaa meza ya pili.

Majaruba yaliyobaki hayakuwa mengi, na Amak ana wadogo zake wawili wa kike. Hawakuyakatakata. Moja lililo bora kuliko yote wanalizungusha kwa zamu: mwaka huu wewe, mwaka ujao mwenzako. Mdogo wa mwisho anaishi Jakarta na mumewe, ambako wanauza chakula cha Padang kama Waminangkabau wengine wengi waliohama, na zamu yake inapofika hupiga simu kuulizia mbolea utadhani yuko ukingoni mwa jaruba. Mbele ya nyumba kuna maghala madogo ya mpunga nayo yamepinda mapaa. Moja huitwa sitangguang lapa, mbeba njaa. Mpunga wake ulikuwa wa mwaka mbaya na wa jirani aliyeishiwa. Nilichungulia nikakuta baiskeli na pampu ya dawa.

Najua msomaji Mwislamu ameshaanza kuuliza: na mirathi je? Wenyewe wameuliza kabla yake. Sheikh Ahmad Khatib, mwana wa Minangkabau aliyekuwa imamu katika Msikiti Mtukufu wa Makka, aliishambulia desturi hii kwa ukali na akahesabu kuwa ni dhuluma kwa watoto. Wengine, kama mwanafunzi wake Haji Abdul Karim Amrullah, waliona ardhi ile si mali ya mtu hata igawanywe, iko kama wakfu. Mwaka 1952 wanazuoni na wakuu wa koo walikutana Bukittinggi wakakubaliana: mali ya ukoo ifuate desturi, na mali ambayo mtu ameichuma mwenyewe ifuate faraidhi, mgawo wa mirathi wa Kiislamu. Kwa hiyo Apak alikuwa na kitu chake hata hivyo. Alikuwa na ng'ombe watatu na kibanda cha tofali kando ya barabara, navyo alikwishasema wazi ni vya wanawe.

Sikusudii kuwachorea pepo. Niliona mabinti waliosoma wakichoshwa na kufungwa na ardhi: mtoto wa kike ndiye mwenye shamba, na kwa hiyo ndiye asiyeruhusiwa kwenda mbali, wakati kaka zake wako nje wanatafuta maisha. Niliona nyumba kubwa mbili zimefungwa kufuli, paa linaoza, kwa sababu warithi wako kumi na saba na kila mmoja anasubiri mwenzake anunue misumari. Na wajomba si malaika. Hati inapotolewa, jina la mjomba mkuu ndilo huandikwa, na kuna wajomba ambao wakiliona jina lao kwenye karatasi wanasahau kwamba waliandikwa kwa niaba.

Hilo la mwisho ndilo lililonirudisha Mgeta.

Bibi yangu mzaa mama aliacha shamba la ukoo, juu kwenye mteremko, tulilokuwa tukilima maharage, viazi na kabichi. Mipaka yake ilikuwa vichwani mwa watu na kwenye miti. Walipokuja wapimaji, ndugu mmoja aliyekuwa karibu aliandikishwa yeye, peke yake, kwa sababu wengine tulikuwa mjini na fomu ilitaka jina. Hakuna aliyeona ubaya. Baada ya miaka minne tulisikia nusu ya chini imeuzwa. Karatasi yake ilikuwa safi, mnunuzi hakukosa lolote, na mama yangu alikaa kitako kwenye mpaka mpya akalia kama mtu aliyefiwa.

Kwa hiyo jibu langu: kabla ya kuuliza jina la nani, ulizeni nani ataweza kuliuza siku akibanwa na shida, halafu mwandikeni mwingine. Au waandikeni wengi kiasi kwamba kukubaliana kuuza kuwe kazi. Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaruhusu hati ya kimila itolewe kwa familia au kikundi, si lazima mtu mmoja.

Nusu ya juu ilikuwa bado haijapimwa, ndiyo tunayoihangaikia sasa. Tumekaa vikao viwili. Dada zangu watatu na binti mmoja wa mama mdogo wameandikwa kwenye rasimu, na sababu za kuweka rehani tumezitaja mbili, maiti na ugonjwa mzito. Vijana wanataka karo iongezwe iwe ya tatu. Mjomba amekataa kutia saini, anasema jina lake halionekani popote na yeye ndiye mjomba. Mimi nimemweleza habari za Apak. Ameniuliza kama huyo Apak alipewa angalau kuku. Tunakutana tena tukishavuna maharage.

Msomaji wenu, Morogoro